Jinsi ya Kugombana Vizuri Ukiwa Nyumba ya Mungu

Mwongozo huu ni wa wapendanao wa Bwawa la Nyumba ya Mungu, Tanzania: wenye cheti cha ndoa, waliolipa mahari nusu, na wale walioanza kwa kuazimana sufuria kwenye kambi ya wavuvi na sasa wana watoto watatu. Haufundishi kuishi bila kugombana. Wanaodai hawajawahi kugombana, ama wameoana juzi, ama mmoja wao amekwisha kata tamaa ya kusema. Ugomvi upo na utaendelea kuwepo. Kazi yetu ni kuutia adabu.

Mahali penyewe panachangia. Bwawa lilijengwa miaka ya 1960, pale maji ya mito ya Kikuletwa na Ruvu yanapokutana na kuuanza Mto Pangani. Lilikusudiwa umeme na maji, lakini lilipojaa samaki walizaana, na samaki wakawaita watu: Wapare walioshuka milimani, wavuvi kutoka Ziwa Victoria na Ziwa Nyasa, wachuuzi wa kila kabila, na ng'ambo ya pili Wamasai wa Simanjiro. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 samaki walivuliwa kwa wingi mno, kisha wakapungua, na tangu hapo riziki ya bwawa hupanda na kushuka. Baba anatega nyavu jioni na kuziinua alfajiri. Mama anaparua, anakaanga na kuuza mchana. Mmoja akilala, mwenzake yuko macho. Watu wanaopishana mlangoni namna hii wana muda mfupi sana wa kuwa pamoja, kwa hiyo wasiuharibu kwa ugomvi usio na mpango.

1. Usimpokee mtu kwa shtaka

Mtumbwi umegusa nchi kavu. Vidole vya mvuvi vimekunjamana kwa maji ya usiku kucha, anachomoa perege kwenye wavu mmoja mmoja, na wachuuzi wamemzunguka na mabeseni wakibishana bei. Hapo ndipo mama watoto anapofika, mikono kiunoni: "Na ada ya shule?"

Mama, swali lako ni la haki kabisa. Saa ndiyo mbaya. Mwaka 1999 wanasaikolojia wa Marekani Sybil Carrère na John Gottman walionyesha kwamba dakika 3 za kwanza za mabishano ya wanandoa wapya zilitosha kubashiri nani wangeachana baadaye. Ugomvi ulioanza kwa ukali ulimalizika kwa ukali. Basi mwache anawe, ale, apate usingizi, halafu anza na hali yako mwenyewe: "Ada inaninyima usingizi. Tukae jioni kabla hujaenda kutega."

Nawe baba, sheria ni hiyo hiyo. Mkeo akiwa mbele ya karai la mafuta, wateja wanne wanangoja chenji, si wakati wa kuuliza kwa nini jana mboga ilizidi chumvi.

2. Gombaneni na jambo, msigombane na ukoo

"Hujalipa deni la dukani" ni lalamiko, na lina dawa: deni lilipwe. "Wewe huaminiki, na baba yako alikuwa hivyo hivyo" halina dawa, maana baba mkwe yuko milimani Usangi anakula makande yake kwa amani, hana habari kwamba ameitwa kwenye kesi ya unga na sukari. Mwacheni mzee wa watu.

Gottman alitaja tabia nne zinazobomoa ndoa: kushambulia utu wa mwenzako badala ya kosa lake, kumdharau, kujitetea kwa kila jambo, na kujifungia kimya. Iliyo mbaya kuliko zote ni dharau. Kwetu dharau ina vifaa vyake: msonyo mrefu, kubetua mdomo, kijembe kinachopitishwa kwa jirani ili mlengwa asikie, na kanga iliyonunuliwa kwa sababu ya maneno yake, ikavaliwa mara tatu mfululizo mbele ya mtu mmoja. Mwenye kusonya anamwambia mwenzake kwamba hastahili hata kujibiwa. Neno hilo likirudiwa miaka, mtu huliamini, na akishaamini haoni tena sababu ya kujirekebisha.

Kwenye kijiji cha makabila mengi kuna hatari nyingine. Utani wa kabila ni mtamu mkiwa mnacheka wote. Mpare ataambiwa ni bahili, naye atarudisha, na chai itaongezwa. Mkishakasirika, funga mdomo kuhusu kabila. Maneno yale yale yaliyochekesha jana, leo ni tusi kwa mama yake na bibi yake.

3. Ukinuna, toa ratiba

Wewe uliyenuna tangu Jumatano, mstari huu ni wako. Tunajua hujasema neno, tunajua unamtumia mtoto: "Mwambie baba yako chakula kiko tayari," na baba mwenyewe amekaa hatua mbili kutoka hapo. Mtoto anageuka kulia, anageuka kushoto, anapeleka ujumbe ambao kila mtu ameusikia. Mwonee huruma. Yeye si mjumbe wa nyumba kumi.

Kunyamaza kuna sababu ya kimwili. Gottman na mwenzake Robert Levenson waliwapima wanandoa mapigo ya moyo wakiwa wanabishana. Moyo ukipita mapigo 100 kwa dakika, mtu anasikia sauti lakini haelewi hoja, na mwili unahitaji kama dakika 20 kutulia. Waume ndio hujifungia zaidi. Kwa hiyo kuondoka kunaruhusiwa, ila uage: "Nimechemka. Naenda kutazama nyavu, nikirudi tutamaliza." Kisha urudi kweli. Anayeondoka na kurudi amepumzika. Anayeondoka bila kusema atarudi lini, amemwacha mwenzake kwenye adhabu isiyo na mwisho.

4. Ukiitwa, itika

Hii ndiyo nguzo ya mwongozo mzima, hivyo tusiiharakishe.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda, akafanya utafiti vijijini karibu na Kampala chini ya taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere. Aliwatembelea mama 26 na watoto wao wachanga 28 majumbani mwao kwa miezi kadhaa, akitazama nani analia, nani anatulia, nani anatambaa mbali kisha anageuka kuhakikisha mama bado yupo. Kitabu chake juu ya watoto hao wa Buganda kilitoka mwaka 1967, na somo la jinsi binadamu wanavyoshikamana lina sehemu ya mizizi yake hapo, Afrika Mashariki. Aligundua kwamba waliokuwa na watoto watulivu na wenye kujiamini walikuwa wale mama walioweza kumsimulia mtoto wao kwa undani: anapenda kulazwa vipi, anaogopa nini, kilio cha njaa kinatofautianaje na kilio cha usingizi. Walimjua, hivyo waliweza kumjibu.

Mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver wakaonyesha kwamba watu wazima wanaopendana hushikamana kwa namna inayofanana na hiyo. Mwenye ndevu naye anageuka kutazama kama kuna mtu. Basi jipime. Je, unajua mwenzako anadaiwa na nani? Unajua ni ndugu gani anayempigia simu na kumwacha na huzuni? Unajua anaogopa upepo wa saa ngapi akiwa majini? Unajua mgongo wake unauma upande gani baada ya kuinama siku nzima akiparua samaki? Ukishindwa maswali mawili, kaa umuulize. Ukishindwa yote manne, mmekuwa wapangaji wa chumba kimoja, na dawa ni hiyo hiyo: kaa umuulize.

Kisha itika. Watu hawaombi upendo kwa hotuba. Wanasema, "Leo jua kali," au "Umeona lori la barafu lilivyokwama?" Wanataka kujua kama uko pamoja nao. Gottman aliwafuatilia wanandoa kwa miaka 6 tangu harusi. Waliobaki pamoja walikuwa wameitikia vijiombi hivyo mara 86 katika kila 100, na walioachana mara 33. Kwa hiyo anaposema lori limekwama, inua macho kwenye simu, sema, "Limekwama wapi?" Maneno mawili. Hayamalizi bando.

5. Habari njema usiipokee kwa deni

Watu wengi tunajua kumpa mtu pole. Kumpa hongera kunatushinda. Mwaka 2004 Shelly Gable na wenzake walieleza kwamba namna mwenzako anavyopokea habari yako njema inahusiana sana na jinsi ndoa ilivyo na ukaribu. Kuna anayefurahi na kuuliza zaidi, kuna anayeguna tu, kuna anayebadilisha mazungumzo, na kuna anayetafuta kasoro.

Baba anaingia: "Leo wamejaa! Nimepata na kambare mkubwa!" Mama anajibu: "Afadhali, maana mwenye duka alikuja hapa asubuhi." Deni ni kweli, na lazima lilipwe. Lakini muulize kwanza alitega wapi, alimwinua vipi huyo kambare, wenzake walisema nini. Mwache asimulie mpaka amalize. Deni la dukani litakuwepo baada ya chai. Furaha yake haitangoja.

Siku mama atakapopokea mchezo wa kikoba chake, baba asiseme, "Nipe ninunue nyuzi." Aseme hongera, akae asikilize mipango ya mwenye hela.

6. Semeni pesa wakati zipo

Serikali imewahi kulifunga bwawa ili samaki wazaliane, na hata bila kufungwa kuna miezi ya nyavu tupu. Wengi huanza kuzungumzia fedha siku zilipokwisha, na hapo kila swali linasikika kama tuhuma. Chagueni siku ya mavuno mema, mtaje mapato yote mawili bila kuficha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua kwamba mke ana haki ya kumiliki mali yake mwenyewe. Fedha ya samaki wa kukaanga ni yake, akiitoa kwa ajili ya nyumba ashukuriwe kama mtu aliyetoa.

7. Ujue mpaka

Kila kilichosemwa hapa ni cha ugomvi wa maneno. Kipigo si ugomvi, na mtu asikuambie ni wivu wa mapenzi. Sheria hiyo hiyo ya Ndoa, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Anayepigwa asisome hatua nyingine yoyote. Aondoke mahali pa hatari, aende kwa watu wanaomlinda na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Kwa mengine, Baraza la Usuluhishi wa Ndoa lipo, na kwa kawaida mahakama haisikilizi shauri la talaka kabla baraza halijajaribu kupatanisha. Nendeni mapema, mkiwa bado mnataka kusikilizana. Wavu hushonwa tundu likiwa dogo. Na ninyi mlioishi pamoja miaka 2 au zaidi, mkitambulika kijijini kama mume na mke, sheria inaweza kuwahesabu kuwa wanandoa, basi msijidanganye kwamba kutengana ni kubeba sufuria tu.

8. Patana kabla hujashinda

Takribani theluthi mbili ya mambo yanayogombanisha wanandoa, kwa hesabu ya Gottman, hayamaliziki kabisa. Yeye atakuwa mwepesi wa kutoa, wewe mgumu. Yeye atataka kurudi milimani, wewe utaupenda ukingo wa maji. Mtayazungumza mkiwa na miaka 30 na mtayazungumza mkiwa na 60. Wanaodumu hawana migogoro michache. Wana mema mengi kuliko mabaya, kama 5 kwa 1 hata katikati ya mabishano, na wana haraka ya kutengeneza walichoharibu.

Kutengeneza si lazima kuwe na kikao. Ni kumsogezea kiti. Ni kumtania kidogo akatabasamu kwa kulazimika. Ni kumwekea kichwa cha perege kwa sababu ndicho anachokipenda. Ni kusema, "Hapo nimekosea," bila kuongeza "lakini". Na mwenzako anapotengeneza, pokea hata kama ametengeneza vibaya, kwa sababu anayejaribu bado anakutaka.

Mkisoma hadi hapa, mmoja wenu anamfikiria mwenzake na kusema moyoni, "Angeusoma huu." Ausome, lakini anza wewe, leo, na ile hatua ya nne. Akisema jua kali, mjibu.