Hotuba Yangu Tukufu Kuhusu Chuma cha Kukerezea

Mheshimiwa Mwenyekiti, ambaye ni mimi, baada ya kushauriana kwa kina na nafsi yangu. Mafundi wa Keko mliofunga karakana kwa heshima yangu. Vijana wa Gerezani mlioleta greenda. Na nyinyi wa nyuma mnaosubiri soda: kaeni.

Nimeombwa niseme machache. Sitasema machache. Mada ni namna ya kukereza miguu ya vitanda, nguzo za ngazi na vinara vya mpingo kwa patasi ulizojitengenezea kutokana na chuma chakavu. Wapo wasomi watakaowaambia mwagize patasi kutoka Sheffield, zenye mpini unaong'aa. Wasikilizeni kwa adabu, kisha muwaombe walipie.

Historia kwanza, kwa sababu mtaalamu asiyeanza na historia hudhaniwa ni fundi. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba wahunzi wa Buhaya, magharibi ya Ziwa Victoria, walikuwa wakitoa feleji yenye kaboni miaka 1500 hadi 2000 iliyopita, kwa tanuri za udongo na mivukuto iliyopuliza hewa iliyokwisha kupata moto. Makala hiyo haikunitaja. Nimewasamehe. Huko Uingereza, mwaka 1868, Robert Mushet alichanganya feleji na tangsteni, akapata chuma kinachokomaa chenyewe kikipoa hewani. Kisha Taylor na White wa Bethlehem, Pennsylvania, wakaishangaza Paris mwaka 1900 kwa kisu cha mashine kilichokata chuma huku ncha yake imeiva nyekundu. Hicho ndicho chuma cha haispidi. Baada yao nikaja mimi.

Sasa twende kwenye lundo la skrepa. Muuzaji atakuapia kwa marehemu bibi yake kwamba kila kipande ni "chuma cha Mjerumani". Utamwona mnunuzi mjinga akitoa sumaku mfukoni, ananusisha kipande, kinanata, anatikisa kichwa kama daktari aliyesikia mapigo ya moyo. Ndugu zangu, sumaku hunata kwenye nondo sawasawa na inavyonata kwenye feleji! Na nondo ina kaboni kidogo tu, karibu asilimia 0.2 au 0.3. Uichome, uitose majini, uisomee dua, haitakuwa patasi. Itabaki nondo iliyolowa.

Kipimo cha kweli ni cheche. Gusisha kipande kwenye jiwe la greenda, mahali penye kivuli, ukiwa na miwani. (Asiye na miwani atoke nje sasa, mhadhara huu unahitaji watu wenye macho mawili.) Nondo hutoa mistari mirefu ya njano isiyopasuka sana. Tupa, ambayo kaboni yake huzidi asilimia 1, hutoa cheche zinazopasuka vinyota vingi karibu kabisa na jiwe. Haispidi ni yenye kiburi: cheche chache, fupi, za rangi ya machungwa iliyofifia, bila vinyota. Chukua nondo na tupa unazozijua, zifanye walimu wako, kisha linganisha na kipande kigeni. Mimi hulinganisha kwa macho tu nikiwa mbali, lakini hicho ni kipaji.

Mtaniuliza: Profesa, tuchukue nini? Uprofesa huo nimeupata Gerezani, si chuoni, nao una thamani zaidi.

Chukueni bapa za springi za lori. Zina kaboni karibu asilimia 0.6, ngumu za kutosha na hazivunjiki ovyo, na patasi ya kukerezea inahitaji hilo kwa sababu mti unaozunguka huipiga bila huruma. Ila springi iliyokwisha kubeba mawe Morogoro miaka mingi huenda ina nyufa usizoziona, basi tafuta iliyo bado kwenye rafu ya fundi, ambayo haijapanda gari. Tupa nzee nayo yafaa, lakini kwa masharti: kwangua meno yote, maana ufa huanzia kwenye meno, na uilegeze kwa moto. Anayeikereza miti kwa tupa ghafi anajitafutia kipande cha chuma shavuni. Beringi ndogo ni feleji nzuri, ila nyingi za magari makubwa ngozi yake ndiyo ngumu na ndani ni laini. Reli ina kaboni ya kutosha kabisa, lakini reli ina mwenyewe, na mwenyewe ana polisi.

Tunu ya tunu ni haispidi: keekee nene iliyovunjika, visu vya mashine ya randa, bledi za msumeno wa mashine wa kukatia chuma. Hizi msizipeleke kwenye mkaa. Ukomavu wake unahitaji nyuzi karibu 1200, na kwa mkaa na mvukuto wako huwezi kuupima moto huo sawasawa. Zichongeni zikiwa baridi, kwa greenda, na zinoeni. Mpingo, mti unaozama majini, hubutua patasi ya kaboni haraka sana, haispidi huvumilia.

Kwa springi na tupa, moto una mpangilio wake. Choma mpaka chuma kiwe chekundu na sumaku ikiache. Hapo, ndugu zangu, ndipo sumaku inapopata kazi yenye maana, kwenye nyuzi 770 hivi. Ongeza kidogo tu, kisha tosa kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto kidogo. Pitisha tupa nyingine juu yake; ikiteleza bila kukwangua, umefaulu. Safisha ing'ae, ipashe polepole hadi rangi iwe njano ya mabua, nyuzi 220 au 230. Ikifika buluu umeshapitiliza, na usiniambie kwamba nimekufundisha mimi. Tupa iliyovunjika vipande vitatu wiki iliyopita mbele ya mashahidi haikuvunjika kwa kosa la masharti yangu. Ilionyesha utovu wa nidhamu.

Mpini uwe mrefu, wa mninga, na mkia uzame ndani vya kutosha. Jaribu kwanza kwa mzunguko wa polepole, ukisimama pembeni.

Maswali yaletwe kwa maandishi. Ada ya kila swali ni kipande kimoja cha springi, kisicho na ufa.