Sifa za Walinzi wa Tarehe

Wanastahiki shukrani wale waungwana wa Ulaya na Marekani ambao, ulipotoka mchezo wa kompyuta uitwao Assassin's Creed Shadows mwaka 2025, na mmoja wa mashujaa wake wawili akawa Yasuke, mtu mweusi katika Japani ya karne ya 16, waliacha shughuli zao zote wakaja kuihami tarehe isidhalilishwe. Subira yao nayo si haba. Kwani katika michezo ya ukoo huohuo mtu hujirusha kutoka kilele cha mnara, akaangukia rundo la majani makavu na kuinuka bila hata kujipangusa, nao hawakunung'unika. Na katika mmoja wa mwaka 2009 shujaa wa Kitaliani alitwangana ngumi na Papa Alexander VI humohumo Vatican, nao wakanyamaza kwa adabu, maana hayo, bila shaka, yamethibiti kwa sanadi.

Ama huyo Yasuke, ushahidi wake ni dhaifu mno: barua za mapadri wa Kijesuiti, na kumbukumbu za Wajapani wenyewe, basi. Husimuliwa kwamba mwaka 1581 mbabe wa vita wa Kijapani, Oda Nobunaga, asiyesadiki rangi ile, alimwamuru avue nguo hadi kiunoni ajisugue, ibainike kama ni wino. Alijisugua, weusi haukutoka. Nobunaga akaridhika, akampa nyumba na upanga. Lakini Nobunaga alikuwa mtu wa pupa. Wanazuoni wetu, walio makini zaidi, wangali wanasugua.