Mshauri wa Mikeka: Farasi, Jedwali na Makro

Lahajedwali ya mbio za farasi hupangwa hivi: kila farasi hupewa mstari wake, na kila jambo linalomhusu hupewa safu yake, yaani uzito anaoubeba, joki anayempanda, umbali, hali ya uwanja na nafasi alizoshika siku za nyuma. Fomula huyageuza hayo kuwa alama. Makro, ambayo ni amri zilizoandikwa mara moja ili kompyuta izirudie yenyewe, huzipanga alama hizo na kumtaja anayestahili kuwekewa dau. Excel ilipata VBA, lugha ya kuandikia makro hizo, mwaka 1993. Shida zinazoletwa na wasomaji wa Kampala, hata hivyo, mara nyingi huanzia kwa farasi wenyewe.

Msomaji wa Wandegeya amejaza matokeo ya wiki kadhaa ya farasi wanaokimbia kwenye televisheni ya duka la kubeti, mbio moja kila baada ya dakika chache. Makro yake imegundua kwamba namba 4 hupenda kushinda baada ya namba 2, ila tangu aanze kuifuata, mikeka yake, yaani tiketi za kubeti, inachanika tu. Jibu ni kwamba farasi hao hawana miguu. Mshindi huchaguliwa na programu ya namba za kubahatisha, na picha huonyesha tu uamuzi wake. Namba 4 hachoki, hachukii matope wala hamkumbuki aliyeshinda kabla yake. Mwenye safu za kutosha ataona uhusiano wowote anaoutaka, hata kati ya ushindi wa namba 4 na mvua ya Entebbe. Safu yenye maana katika jedwali hilo ni moja, ya odi, yaani malipo kwa kila shilingi iliyowekwa: 1 igawanywe kwa kila odi, kisha majibu yajumlishwe. Odi za 2.50, 3.50, 5, 6 na 10 hutoa asilimia 40, 28.6, 20, 16.7 na 10, jumla zaidi kidogo ya 115. Hizo 15 zilizozidi 100 ndizo zinazolipa pango la duka na mshahara wa askari wa mlangoni, na hakuna makro inayozifuta.

Mfanyabiashara wa Kikuubo mwenye asili ya Nairobi ana shauri zito zaidi, kwani hufuatilia farasi wa kweli wa Ngong, uwanja wa Jockey Club of Kenya unaotumika tangu 1954. Hapo jedwali lina kazi. Katika mbio za uzito wa kusawazisha, farasi hodari hubebeshwa kilo zaidi ili wote wakaribiane mwishoni, na mchezaji hutafuta pale mpanga uzito alipokosea. Taabu ya msomaji huyu ni kwamba makro humchagua farasi yuleyule kwa kishindo, naye huja wa mwisho. Kosa liko kwenye seli ya odi. Mwenyewe aliandika 5/2, Excel ikasoma tarehe 5 Februari. Ndani ya Excel kila tarehe ni namba, na 5 Februari 2025 ni 45,693. Kwa hiyo makro iliona farasi anayelipa shilingi elfu arobaini na tano na ushei kwa kila shilingi moja. Nani angemwacha? Dawa ni kuandika 3.50, yaani 5/2 kujumlisha dau lenyewe.

Huyohuyo anauliza kama yupo aliyewahi kutajirika kwa njia hii. Wapo. Bill Benter na Alan Woods walianza Hong Kong katika miaka ya 1980, na makala ya Benter ya mwaka 1994 inaeleza kwamba modeli yake ilifaa pale tu ilipochanganywa na odi za umma. Lakini Hong Kong ina mbio nyingi, farasi walewale hukutana mara kwa mara, na mfuko wa madau ni mkubwa mno. Ngong ina farasi wachache, na fungu la madau la huko halimtoshi bingwa wa hesabu.

Mwanamke mmoja wa Ntinda analalamika kwamba mumewe hujifungia na kompyuta kila Jumamosi usiku akidai ni hesabu za kampuni. Afungue faili na kutafuta safu ya madau yaliyotolewa kando ya fedha zilizorudi. Kama haipo, na kwa kawaida huwa haipo, aiongeze yeye na kujaza kwa kufuata ujumbe wa pesa za simu.

Mwanafunzi wa Kikoni mwenye miaka 22 ameomba makro iliyo tayari. Hatapewa: sheria ya Uganda ya bahati nasibu na michezo ya kamari ya mwaka 2016 imekataza kamari kwa yeyote aliye chini ya miaka 25.