Topasi wa Jangwani

Shemeji yangu wa Mbagala kaona picha kwenye status ya dada yake, kanipigia hapo hapo. "Shem, mmevuta basi la kutembelea! Hongereni bwana, sasa nirushie hata laki mbili." Nikamwambia shem, lile si basi, ni trela, na ndiyo nyumba, hatuna nyingine. Akacheka mpaka akakohoa. Eti nyie watu wa Marekani mna siri nyingi. Laki mbili bado anaisubiri.

Ngoja nikwambie wewe, maana yeye hanisikii. Mama Zai ni nesi wa mkataba. Hospitali inamchukua wiki 13, zikiisha anahamia mji mwingine, na kila mji kodi ya nyumba inakukaba koo. Akasikia wenzake wananunua trela, wanaivuta kwa pikapu, wanaishi humo humo mwaka mzima. Maoni yangu niliulizwa trela likiwa limeshalipiwa. Futi 24. Ndani kuna kila kitu: kitanda, jiko, bafu, choo, meza inayokunjuliwa ikawa kitanda. Kisichokuwemo ni mahali pa kununia. Jamani, kwenye nyumba za watu mkikorofishana unakwenda sebuleni, unawasha mpira, unanuna kiume. Huku nikihamia sebuleni nimesogea hatua mbili, na bado ananiuliza chumvi nimeiweka wapi. Mlango wa chumbani hakuna, kuna pazia. Umewahi kubamiza pazia wewe?

Msimu huu wa baridi tuko Quartzsite, Arizona. Jangwa, mawe na wastaafu. Wanakimbia theluji ya Minnesota na Kanada, wanakuja na magari-nyumba yao maelfu kwa maelfu. Ardhi ni ya serikali. Unalipa dola 180, unakaa kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili. Bei rahisi, eh? Rahisi kwa sababu hupewi kitu. Nguzo ya umeme hakuna, bomba la mlangoni hakuna. Mimi niliyekimbia mgao wa umeme Dar nimekuja kuukuta Marekani, na meneja wa mgao nalala naye kitanda kimoja. Sola ikiingiza kidogo, tangazo linatoka: leo maikrowevu haiguswi. Birika la umeme nimenunua kwa hela yangu, limegeuka pambo. Maji nayo lita 150, yakiisha tukajaze. Kuoga kwenyewe unajilowesha, unafunga, unajisugua unatetemeka, unafungua, unajisuuza, unafunga. Nikizidisha kidogo nasikia ukuta unagongwa. Nimekulia Temeke, nimeoga ndoo moja kopo kwa kopo, hakuna aliyewahi kunigongea.

Halafu kuna hili la saa. Kazini kwake ni ng'ambo ya mto Colorado, kule California, mwendo wa nusu saa. Ukivuka daraja saa inarudi nyuma saa nzima. Yeye anafuata saa ya kazini, mimi nafuata saa ya jangwani. Akisema chakula kiwe tayari saa 11, namuuliza saa 11 ya nani. Ninayoichagua mimi ndiyo siyo.

Na anaingia zamu ya usiku. Asubuhi anarudi, analala mchana kutwa, na trela likikanyagwa linatikisika lote. Nikikohoa, kosa. Nikivuta droo, kosa. Basi nabeba kiti changu cha plastiki nakwenda nje. Majirani wanapita na mbwa wao, wanaona mwanamume kakaa nje, mlango umefungwa, mapazia yameshushwa. Wakishapita wananong'ona. Bibi mmoja kaniletea supu ya kuku. Mwingine kaja na blanketi, kanipapasa bega, kaniambia nisikate tamaa. Ningewaeleza ukweli, lakini supu ilikuwa nzuri.

Yote hayo nilikuwa navumilia. Kilichonivunja ni choo.

Chini ya trela kuna matangi mawili, moja la maji ya sinki na bafu, moja la choo. Kwenye kugawana kazi Mama Zai alisema uchafu wa watu anaushika kazini, nyumbani amestaafu. Topasi nikawa mimi. Sasa kabla ya huku tulikuwa kambi moja ya Texas, ile ya bomba la maji taka pale pale unapoegesha. Unaunga mpira wa inchi 3, kuna koki, nikaiacha wazi siku zote. Choo gani duniani unakifungia koki? Kumbe maji yanakimbia, mzigo unabaki. Unakauka. Wa leo unakaa juu ya wa jana, wa jana juu ya wa juzi. Wenyewe wana jina lake kabisa, wanaita piramidi.

Tukafika kwenye kituo cha kumwagia cha La Posa, hapa hapa Quartzsite. Foleni ya magari nyuma yetu. Navaa glavu, naunga mpira, navuta koki. Kimya. Likaja tone moja. Mzee mmoja wa soksi ndefu akaona nahangaika, akaja na tochi, akaomba aingie. Akamulika shimo la choo. Akachungulia. Akavua kofia. Halafu akaanza kunifundisha, na mzee mwenyewe masikio mazito, kwa hiyo anaongea kwa sauti ya mnada. Koki unaifunga! Unangoja tangi lijae theluthi mbili! Unafungua kwa mpigo, maji yasukume mzigo! Foleni nzima inatikisa kichwa. Inavyoonekana hata watoto wao wanajua.

Dawa yake? Ujaze tangi maji, ukalitikise kwenye barabara mbovu. Nikaenda, nikarudi, nikaenda tena, vumbi mpaka kooni. Mama Zai kiti cha pembeni, siku yake ya mapumziko, anatafuna karanga. "Kuna shimo lile kulia, mbona umelikwepa?" Mwanamume mzima natafuta mashimo. Dar nimeua shokapu nikiyakimbia.

Kwa kunifariji, wale wazee wakatupeleka makaburini, maana hapa mjini utalii ni huo. Kuna kaburi la Haji Ali. Wamarekani jina likawashinda, wakaandika Hi Jolly. Mtu wa dola ya Uthmaniya huyo, jeshi la Marekani lilimleta mwaka 1856 pamoja na ngamia, wawajaribu kubeba mizigo jangwani. Mradi ukafa. Ngamia wengine wakaishia kuzurura, mwenyewe akabaki huku huku mpaka alipofariki mwaka 1902. Mwaka 1935 ndipo wakamjengea mnara wa mawe, umbo la piramidi, na kileleni ngamia wa shaba. Nikamsomea Fatiha. Roho iliniuma, wallahi. Mtu kaletwa kwa shughuli za wengine, shughuli zimeisha, yeye kaachwa na mawe. Nikaona huyu sasa ndiye tungeelewana.

Mama Zai akalitazama lile piramidi kuanzia chini hadi juu. Akanitazama mimi.

"Baba Zai," akasema, "la kwako si lilikuwa linakwenda vizuri tu? Lilibakiza ngamia."

Halafu akawageukia wazee, akawatafsiria.