Regulata Inapomwaga: Uchunguzi wa Ukarimu Uliopita Kiasi katika Bahari ya Unguja

Miongoni mwa vifaa ambavyo binadamu amevibuni ili aweze kukaa mahali asipoalikwa, regulata ya mzamiaji ni ya kipekee kwa kuwa humfedhehesha mwenyewe kwa kumpa mno, si kwa kumnyima. Kazi yake ni kupokea hewa iliyoshindiliwa ndani ya mtungi wa mgongoni, kuipunguza nguvu kwa awamu mbili, kisha kumpa mzamiaji pumzi moja kila anapoivuta. Na kazi hiyo huifanya kwa unyenyekevu mkubwa, mpaka itokee siku ambapo, bila kuombwa na mbele ya watu, inaanza kuitoa hewa yote kwa mkupuo, kwa kishindo kinachowafanya hata paka wa mtaa wa Shangani wahame kivuli. Hali hiyo, ambayo katika maelezo haya itaitwa kumwaga, haina madhara makubwa ikitokea juu ya maji, isipokuwa kwa heshima ya anayehusika.

Ili ukorofi huu ueleweke, ni lazima kwanza muundo wenyewe uelezwe. Mtungi wa lita 12 unapojazwa hadi bari 200, na bari moja inakaribia kulingana na mkandamizo wa hewa iliyopo ufukweni, huwa umebeba takriban lita 2,400 za hewa, kiasi ambacho mtu mtulivu anayetumia lita 20 kwa dakika angekaa nacho barazani kwa saa mbili, lakini akiwa mita 20 chini ya bahari kingemtosha dakika 40 tu, kwa sababu kila mita 10 za kina huongeza bari moja na kila pumzi hubeba hewa zaidi. Hatua ya kwanza ya regulata, yaani kile kipande cha chuma kinachofungwa kwenye kichwa cha mtungi, huishusha nguvu hiyo hadi kufikia bari 9 au 10 juu ya mkandamizo wa maji yanayoizunguka. Hatua ya pili, ile inayoumwa kwa meno, ina kiwambo cha mpira ambacho mzamiaji akivuta pumzi huingia ndani na kusukuma wenzo mdogo, nao wenzo hufungua vali. Kwa ukoo, basi, kifaa hiki ni ndugu wa ile regulata ya gesi ya kupikia ambayo nyumba nyingi za Mji Mkongwe huifahamu kwa harufu, na udugu huo si wa kubuni, kwa kuwa mhandisi Émile Gagnan wa kampuni ya Air Liquide alikuwa ametengeneza vali ya kuendeshea magari kwa gesi, wakati Ufaransa ilipokosa petroli katika Vita vya Pili vya Dunia, kabla ya mwanamaji Jacques-Yves Cousteau kumtaka aigeuze iwe ya kuzamia.

Majaribio ya kwanza ya wawili hao yalifanyika mwaka 1943 katika mto Marne, karibu na Paris, na matokeo yake yanapaswa kuwafariji wote waliowahi kuaibika botini: Cousteau alipolala kifudifudi majini alipumua vizuri, alipogeuka kichwa chini hewa ilimbania, na aliposimama wima kifaa kilimwaga. Regulata, kwa maneno mengine, ilianza kumwaga kabla haijaanza kuuzwa. Wavumbuzi hao waligundua kwamba tundu la kutolea pumzi lilikuwa juu kidogo kuliko mahali pa kuingizia hewa, na kwamba tofauti hiyo ndogo ya kina, hivyo ya mkandamizo wa maji, ilitosha kuiacha hewa ijiondokee. Walipoyaweka yote mawili katika usawa mmoja, ugomvi ukaisha.

Kanuni iliyomsumbua Cousteau mtoni ndiyo inayomsumbua mgeni anayejirusha kutoka kwenye boti huko Nungwi. Hatua ya pili ikiangukia majini huku mdomo wake umetazama juu, kiwambo hubaki chini zaidi ya mdomo, maji hukisukuma kwa nguvu kuliko hewa iliyo upande wa pili, na vali hufunguka; hewa inayotoka kwa kasi nayo hupunguza mkandamizo ndani ya kisanduku cha hatua hiyo, kama alivyoeleza Mwitaliano Giovanni Battista Venturi katika karne ya 18 kuhusu vitu vinavyotiririka, na upungufu huo huzidi kukivuta kiwambo, hivi kwamba kumwaga huzaa kumwaga. Tiba yake ni kuigeuza regulata mdomo uangalie chini, au kuuziba mdomo huo kwa kidole gumba, au kukirudisha kile kiswichi cha pembeni, kama kipo, kwenye alama ya kabla ya kuzamia, na yote hayo hayachukui hata muda wa kutamka Bismillahi kwa utulivu.

Kinachochukua muda ni ushauri. Mgeni, ambaye angeweza kuinamisha mkono tu, huinyanyua regulata juu ya kichwa kana kwamba anaomba shahidi, ikaendelea kumwaga kwa raha zake, na hapo hapo elimu yote ya pwani hukusanyika: huyu anasema mtungi umejazwa kupita kiasi, yule anataka ipigwe kofi, na mwingine, ambaye daima yupo na daima amekaa, anapendekeza mafuta ya nazi. Pendekezo hilo la mwisho linastahili kukataliwa kwa heshima zote, kwani mafuta na hewa yenye mkandamizo mkubwa havipatani, na pale ambapo mtungi una mchanganyiko ulioongezwa oksijeni yanaweza hata kuwaka moto. Mpira wa regulata hulainishwa kwa grisi maalumu, na nazi ibaki kwenye wali. Kuhusu kofi, ni kweli kwamba mara nyingine hufaulu, jambo ambalo limeipa tiba hiyo sifa isiyostahili.

Katika maziwa ya Ulaya, hewa inayopanuka hupoa kiasi cha kugandisha vali ikiwa wazi, na hiyo ni sababu yenye hadhi ya kitaalamu. Unguja, ambako maji ya bahari huwa kati ya nyuzijoto 25 na 29, na barafu pekee iliyomo botini ni ile ya kupoza soda, udhuru huo haupo. Mshitakiwa mkuu hapa ni mchanga, ule mchanga mweupe na laini wa matumbawe ambao mabango ya hoteli huusifu bila kutaja kwamba huingia chini ya wenzo na kuuzuia usirudi. Mwathirika wake wa kawaida ni regulata ya akiba, ambayo wazamiaji duniani wameipa jina la pweza, na ambayo isipofungwa kifuani huburutwa chinichini na kuzoa kila kitu. Tofauti na pweza wa kuchoma wa Forodhani, huyu hutoa povu mgongoni pa mtu asiyejua, na hewa ya mtu huyo huisha akiwa anastaajabia kasa. Mkondo wa bahari wa kisiwa cha Mnemba nao, ukimpiga mzamiaji usoni, unaweza kukibonyeza kiwambo bila mchanga wowote.

Kuna hata hivyo kumwaga kusikotibika kwa kuinamisha mkono. Kitako cha vali katika hatua ya kwanza kikichakaa, au kikiliwa na chumvi kwa sababu mtu aliosha regulata bila kuziba tundu lake, mkandamizo hupanda polepole ndani ya paipu, na hatua ya pili, ambayo vali yake imewekwa ifunguke kuelekea kule hewa inakokwenda, huanza kutoa mlio mwembamba dakika chache baada ya mtungi kufunguliwa. Mlio huo ni wa makusudi: vali inaachia ili paipu isipasuke, na anayeikaza springi ili kuunyamazisha anamwadhibu mlinzi kwa kosa la mwizi.

Regulata ikimwaga chini ya maji, kozi ya awali ya PADI, shirika la mafunzo ya uzamiaji, humtaka mwanafunzi apumue kutoka kwenye regulata inayomwaga kwa sekunde zisizopungua 30, asiibane kwa midomo, bali aiache hewa ya ziada ipite pembeni huku akinywa ile anayoihitaji. Zoezi hilo humfanya msomi yeyote aonekane kama ngamia kisimani, lakini hewa hiyo hupumulika vizuri, na mtungi ambao ungetosha matembezi yote huisha kwa dakika chache, muda unaotosha kumwashiria mwenzake, kupokea regulata yake ya akiba na kupanda pamoja taratibu bila kuzuia pumzi.

Kwa hiyo anayekwenda kuzamia, awe kwenye mwamba wa Murogo au Mnemba, aufungue mtungi wake kabla boti haijang'oa nanga, na asikilize kwa dakika kadhaa huku soga zikiwa zimesitishwa. Regulata ikilia, aufunge mtungi na aombe nyingine. Ile mbovu apelekewe fundi wa regulata, wala si yule bwana aliyekaa.