Viwavi wa Gunia la Tatu

Jumatatu. Mvua ya usiku imeleta maji ya mfereji hadi kizingitini. Kwetu Bwaise, Kampala, hiyo si habari. Magunia yangu manne niliyopandia sukuma yako juu ya matofali, hayakuzama. Yameliwa tu. Nilipogusa jani la gunia la tatu, kiwavi wa kijani aliteremka kwa uzi wake, akaning'inia, akasubiri niondoke.

Jumanne. Nimepiga dawa ya sipamethrini, kifuniko kimoja. Upepo umegeuka kuelekea kamba ya nguo ya jirani yangu Nnalongo. Nimefua shuka sita.

Alhamisi. Vifuniko viwili. Wamekufa wachache. Waliobaki wanakula kwa utulivu wa wenye nyumba.

Ijumaa. Nimepanda boda hadi maduka ya Container Village kununua dawa nyingine, chupa yenye picha ya simba. Baada ya kupiga ndipo nikasoma maandishi madogo: lamda-sihalothrini, kundi la sumu 3A. Chupa ya zamani nayo: 3A. Kumbe nimenunua picha ya simba.

Jumapili. Mpwa wangu anayesomea kilimo amekuja kula. “Mjomba, hawa umewafuga mwenyewe.” Eti katika kila kizazi huzaliwa wachache wanaoweza kuivunja sumu tumboni, mimi naua wengine wote, nawaachia hao shamba na wachumba. Kwa joto letu, wiki mbili tatu tayari wana watoto. Na hawa ni watoto wa nondo mgongo-almasi, ukoo ulioripotiwa kuzoea DDT kule Java mwaka 1953, kisha mwaka 1990, Hawaii, kuishinda hata dawa ya bakteria wa Bt. Nimejisikia kama mwenye nyumba aliyepangisha watu mashuhuri bila kujua.

Ushauri wake: nibadilishe kundi, si chapa, na nihesabu viwavi kabla ya kushika bomba. Yupo pia nyigu anayetaga ndani ya kiwavi. Watafiti wa wadudu wa ICIPE walimleta Kenya kutoka Taiwan. Ila hupenda baridi ya milimani. Kwa Bwaise hatakaa.

Amemaliza sahani mbili za posho na sukuma, ndipo akauliza sukuma imetoka wapi. Sokoni Kalerwe, nikamwambia. Amepumua.

Jumatatu. Sinyunyizi. Nimewaajiri Wasswa na Kato, pacha wa Nnalongo: viwavi kumi, shilingi mia. Wameleta thelathini. Nnalongo kasema “bambi”, yaani maskini, sijui kwa viwavi au kwangu.

Jumatano. Nimekagua magunia yote kwa tochi ya simu. Hakuna hata kiwavi mmoja.

Alhamisi. Pacha wameleta arobaini.