Namna ya Kurudi Morogoro Ukiwa Umetembea

Kuondoka hakuhitaji mwongozo. Unapanda basi la Tunduma, pasipoti mfukoni, shanta mgongoni, na kwa kuwa majirani wengi wa SADC hawamdai Mtanzania viza, unateremka Zambia, Botswana, Namibia, mpaka nchi inakwisha Cape Town. Kazi ni kurudi. Miezi imepita, sasa una ndevu, una bangili za shanga hadi karibu na kiwiko, una maoni juu ya kila kitu, na unatakiwa uingie mji ule ule uliouacha.

Anza kutafakari ungali ndani ya basi. Mkishateremka Kitonga na wauza vitunguu wa Ruaha Mbuyuni wakishabaki nyuma, toa daftari. Mbele kuna kilomita 50 za kukatiza Hifadhi ya Mikumi, na hapo ndipo mahali pazuri pa kuandika kwamba umekuwa mtu mpya. Andika harakaharaka, maana matuta ya pale hayaheshimu mwandiko. Usimwambie jirani yako wa kiti kwamba swala wa Etosha ni wengi zaidi. Yeye hupita hapo kila wiki na marobota yake ya mitumba, na swala kwake ni kile kinachomchelewesha dereva.

Msamvu usitarajie mapokezi. Stendi ile inaamini kwamba kila mtu yuko njiani kuondoka. Mpiga debe atalidaka shanta lako: "Dodoma, kaka? Dodoma inatoka sasa hivi!" Ukimweleza kwamba wewe ndiyo kwanza unafika, tena kutoka Cape Town, ataliachia bila kinyongo. Abiria aliyekwisha kufika hana faida.

Kama wewe ni Mluguru, usianze kwa baba. Ukoo na mashamba kwetu hufuata upande wa mama, kwa hiyo mwenye haki ya kukuhoji ni mjomba. Mfuate Kinole, Matombo au popote alipo, mwamkie, kaa chini. Atauliza, "Ulikuwa wapi, mjomba?" Hilo si ombi la simulizi. Swali lenyewe, ambalo ustaarabu unamzuia kulimalizia, ni hili: ulikuwa wapi migomba ilipokuwa inamezwa na magugu? Jibu kwa zawadi. Sumaku ya kubandika kwenye friji yenye picha ya Table Mountain haihesabiki, hasa katika nyumba isiyo na friji. Blanketi linahesabika.

Na hapo kwenye Table Mountain ndipo penye mtego. Utawashwa kuusimulia: ulivyopanga foleni, ulivyopandishwa na kigari cha kwenye waya, upepo, machozi. Kabla hujafungua mdomo, jua hesabu. Table Mountain una mita 1,086 kutoka usawa wa bahari. Lupanga, ule unaokutazama ukipiga mswaki uani tangu hujajua kusema, una mita 2,138. Kimhandu, kule kusini kwenye safu hiyo hiyo ya Uluguru, unapita 2,600. Yaani umevuka mipaka minne ukalipia kupandishwa kilima ambacho kingeletwa hapa kingekaa kwenye kiuno cha Lupanga na ukungu ukakisahau. Mtu mkorofi atadai kwamba Cape Town mlima unaanzia ufukweni, ilhali mji wetu tayari uko kama mita 500 juu. Mwambie atoe hizo 500, halafu ajilipie kahawa yake.

Kijiweni silaha yako halali ni bahari. Huu ni mji kasoro bahari, na kasoro hiyo wewe unayo kwenye simu. Onyesha picha tatu. Si mia nane.

Ila usishindane na wazee kwa umbali, kwa sababu mji huu ulikwisha kupata bingwa wa kurudi safari. Salum Abdallah, inasimuliwa, alitoroka kwao akiwa kijana, akiitaka Kuba. Akaishia Mombasa. Mwingine angerudi ameinamisha kichwa. Yeye alirudi akaanzisha bendi, ikaja kuitwa Cuban Marimba, na Morogoro ikacheza kana kwamba Havana ipo nyuma ya Bigwa. Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz wao walifika kweli Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Mmoja hakufika, mwingine alifika, na wote wawili waliutia mji muziki. Wewe umefika na umerudi na bangili. Ndiyo maana nasema picha tatu.

Wiki ya pili utachoka kuwa mwenyeji. Utatamani mahali pa juu pa kuketi na kuwaza safari yako. Panda Morningside, kwenye jumba la Wajerumani la mwaka 1911, na toka mapema. Njiani utapishana na akina mama wakiteremka na vikapu vya mboga na ndizi kichwani kuelekea Soko Kuu la Chifu Kingalu. Wapishe. Usiwatajie kilo za shanta lako.

Ukitaka kuendelea hadi Lupanga, kijana anayeongoza wageni atakusalimu kwa Kiingereza. Shanta ndilo limekuponza. Misitu hii ina ndege wa tumbo la njano na utosi mweusi asiyepatikana kokote duniani ila Uluguru, na watu hutoka Ulaya na darubini shingoni kumtafuta, kwa hiyo kijana amezoea. Mjibu kwa Kiswahili na utoe kitambulisho cha NIDA, maana kiingilio cha mwananchi na cha mgeni si bei moja. Atauliza unakaa wapi. Sema Kihonda. Atauliza mara ya mwisho ulipanda lini. Jibu unalo, umelibeba kutoka mbali: "Nilikuwa nje." Akisema, "Tangu uzaliwe?" lipa kiingilio.